Nani Anapiga Jazz Hapa?

Msiniulize kama napenda jazz. Juzi kijana mmoja wa jirani, mtu wa sono, wa mitambo ya sauti, kama nilivyokuwa mimi, aliniuliza swali hilo hapa hapa kwenye parcelle yangu ya Mangobo, uani kwangu, na nilimjibu vibaya mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kijana alitaka mazungumzo tu. Alisikia kwamba nimefanya kazi ya bafle, yale maspika makubwa, na mikro katika Kisangani hii tangu ningali na nywele kichwani, akafikiri mzee atafurahi kuulizwa. Mzee hakufurahi. Bon, nawaeleza ninyi nyote kwa mara moja, ninyi mnaobeba bafle leo kwenye arusi, matanga na makanisa, ili msirudi kunichokoza mmoja mmoja.

Neno lenyewe ndilo linaloniuma. Kwa sababu ya neno jazz, rafiki yangu Anselme, mpiga gitaa ambaye sijasikia wa kufanana naye, wala jukwaani wala kwenye santuri, alinyang'anywa jina. Muziki wake mnao kwenye simu zenu. Mnaupiga, mnausifu, na jina lake hamlijui. Nataka mlijue kabla sijafa, basi, hiyo ndiyo haja yangu yote. Lakini mnivumilie, mimi huanza na hasira ndogo kwanza.

Hasira ndogo ni bass. Nani aliwafundisha kufungua bass mpaka mwisho? Kumbi zetu zina mapaa ya mabati. Bass haitoki humo. Inazunguka juu, inarudi chini, inammeza mwimbaji, na ninyi mnaona mnafanya kazi. Punguzeni! Halafu tokeni nje, msimame karibu na mama anayeuza mikate barabarani. Kama mama yule anaimba maneno pamoja na mwimbaji, kazi yenu nzuri. Kama ameziba masikio, rudini ndani mkaone haya. Ninyi hamtoki nje. Mnakaa nyuma ya table ya kuchanganyia sauti na vile vidude vya masikioni, mnatikisa kichwa.

Dawa hiyo ya mama wa mikate nilipewa na mzee Ramazani, fundi wa umeme, mtu wa zile familia za Waislamu za zamani za mji huu. Alikuwa na mashine za kukodisha, nami nilikuwa mbebaji wake. Hakucheza hata siku moja. Alikuja baada ya sala, amevaa kanzu safi, akakaa kwenye kiti chake, na bisibisi mkononi. Ikilia larsen, ile filimbi mbaya inayotoka mikro ikijisikia yenyewe kwenye bafle, hakuangalia mashine. Aliniangalia mimi.

"Mutoto, mikro imejisikia. Sababu gani umeiweka mbele ya bafle? Inataka kioo?"

Kisha bisibisi ilinigonga vidole. Vidole hivi. Leo larsen ikilia kanisani pasteur anasema ni shetani, na mtu wa sono anaitika amina. Ramazani angewagonga wote wawili.

Sasa, santuri. Kwa kazi ile ulihitaji santuri za kujaribia mashine kabla watu hawajaja, na mimi nilikuwa na sanduku zima la rock na jazz za wazungu na za Waamerika. Nilizinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo aliyekuwa na duka la pagne, vitenge, na betri. Mkatoliki mzuri, mtu wa mali, lakini muziki wa nje hakuujua kabisa, basi alizipanga kwa picha ya jalada. Mwanamke amelala: mapenzi. Wanaume wenye ndevu na nywele ndefu: nyimbo za kanisa. Naapa. Rock yote ya duka lile ilikaa pamoja na rozari. Katekista mmoja alinunua moja ya ndevu kwa ajili ya Krismasi ya parokia yake, na inasemekana waliipiga mpaka katikati kabla padri hajafika mbio kutoka sakristia.

Mnataka maoni yangu? Haya. Albamu ya rock iliyorekodiwa kwenye konseri, nusu yake ni kelele za watu ambao sikuwaalika. Albamu ya santuri mbili pamoja, wale vijana huwa na muziki wa upande mmoja na kidogo, zilizobaki ni kiburi. Mpiga gitaa wa rock akianza solo anaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Wenzake wanangoja nje mpaka amalize. Ngoma zao lakini, aa, hapo nawapa haki yao. Ngoma za rock zilirekodiwa na watu waliojua kazi. Kama bafle yako ina karatasi ya ndani iliyopasuka, ngoma ya rock itakuambia kabla ya mteja.

Na jazz? Nina albamu moja ya piano, jalada lake kiti kitupu, naipenda mpaka leo. Mwenyewe anapiga kidogo, ananyamaza, anakuacha ufikiri, anarudi. Ndiyo muziki wa asubuhi. Nina nyingine ya saksofoni ambayo mtu yule, kwa maoni yangu, alikuwa anatafuta ufunguo wa nyumba yake tangu mwanzo wa upande wa kwanza, na santuri iliisha hajaupata. Watu wenye akili wanaisifu sana. Waisifu. Na zile ngoma zinazopigwa kwa fagio, mke wangu alikuwa akizisikia anatoka kuangalia nani anafagia parcelle mchana. Hayo ni maoni tu. Msipoyapenda, sanduku bado lipo, njoni tusikilize tugombane.

Ninyi hamkuishi siku zile, kwa hiyo niwaeleze kitu kimoja, maana bila hicho hamtaelewa neno. Kwetu orchestra zote ziliitwa Jazz. Fulani Jazz, mji fulani Jazz, mto fulani Jazz. Hakuna aliyepiga jazz ya Amerika. Ilikuwa rumba, na katikati ya rumba sebene: kuimba kunaisha, magitaa yanakimbia, watu wote wanasimama kucheza. Mtu akisikia Jazz, alipiga viatu rangi.

Alors, siku moja wakaja mjini wanamuziki wa nje, jazz yenyewe, na matangazo yakabandikwa kila mahali: JAZZ. Mji mzima ukaja kucheza. Wamama na pagne mpya, wababa wamenyoa, mimi nimefunga bafle, Anselme amekaa kando yangu. Wageni wakapiga wimbo wa kwanza. Watu wakangoja sebene. Hakuna. Wimbo wa pili, hakuna. Mama mmoja mnene wa mstari wa mbele akachoka kungoja, akasimama, akapiga kelele: "Sebene!"

Yule wa gitaa kubwa la kusimama akafikiri amesifiwa. Akainama.

"Sebene! Sebene!" ukumbi wote.

Akainama tena, mkono kifuani, machozi karibu yamtoke. Mungu wangu, tulicheka! Wao waliondoka wamefurahi sana, sisi tukaondoka na viatu vyetu safi. Anselme peke yake hakucheka sana. Alisikiliza kichwa chini mpaka mwisho, akaniambia, "Banajua musiki, hawa. Banaogopa batu tu." Kesho yake kwenye mazoezi alichukua wimbo wao wa mwisho, wote, kutoka kichwani, akaugeuza sebene, na wapita njia wakaingia kucheza. Huyo ndiye Anselme. Nyimbo zote za orchestra yetu, aliyoipigia gitaa nami nikiifungia bafle, zilitoka kwake. Alimfundisha kila mtu sehemu yake: huyu vidole, yule sauti, na Zaka, mpiga ngoma wetu, alimwonyesha hata mguu wake ufanye nini kwenye ngoma kubwa.

Ule mchezo wa neno ulituchekesha siku ile. Haukuchelewa kututoa machozi.

Alikuja mzungu mmoja na mashine ya kurekodi. Alizunguka miji akikusanya muziki, mtu mpole, sina ubaya naye hata leo. Tulirekodi mchana kutwa katika baa ambamo tulikuwa tukipiga. Mimi nilipanga mikro: moja tu kwa Anselme, karibu na ampli, mashine ya kukuza gitaa, siyo karibu na mkono, na mkeka mzito chini ya ngoma za Zaka ili zisitembee kwenye sementi na kuingia kwenye mikro ya wengine. Fanyeni hivyo mpaka leo, mkeka haujapata mshindani. Walipiga vizuri kuliko siku zote. Hata mimi niliyewazoea, nywele zilinisimama.

Walipomaliza, groupe ya umeme, ile jenereta, ikaanza kukohoa huko nyuma, nikaenda kuizima. Nilipokuwa huko, mzungu akauliza majina. Akauliza kwa Kifaransa chake, akimaanisha nani mwenye muziki huu, nani kiongozi:

"Nani anapiga jazz hapa?"

Mnisikilize vizuri sasa. Jazz lilikuwa jina la orchestra mbele ya watu. Lakini kati yetu wanamuziki, jazz ni ngoma. Zile ngoma za kizungu zenye vyuma, zote pamoja, hiyo ndiyo jazz. Tukipakia lori tunaulizana, "Jazz imepanda?" Tukifika tunapiga kelele, "Jazz italowa na mvua, funikeni!" Na anayekaa pale ni mutu wa jazz. Mtu wa Kisangani wa umri wangu hawezi kusikia swali lile kwa namna nyingine.

Aliyejibu ni Anselme mwenyewe. Zaka alikuwa na haya, alikaa nyuma siku zote, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza jina. Anselme akafurahi kwamba kwa mara ya kwanza mtu anamwulizia Zaka. Akamshika bega, akamsukuma mbele.

"Jazz? Iko huyu. Zaka. Andika jina yake muzuri."

Mzungu akaandika, akampiga picha kwenye kigoda chake. "Na ninyi wengine?"

"Sisi? Sisi bote tunamufuata yeye."

Na ni kweli! Kwenye sebene kila mtu anafuata ngoma, hata mtoto anajua. Niliporudi na mikono yangu yenye mafuta ya mazutu, mzungu alikuwa anakunja waya zake, na Anselme akanihadithia hayo akicheka, amemtazama Zaka kwa furaha. Alikuwa amemfanyia mwenzake wema.

Albamu ilitufikia baada ya muda mrefu, mkononi mwa mtu aliyetoka Kinshasa. Jalada: Zaka peke yake juu ya kigoda, mikono amefunga. Juu limeandikwa "Zaka Jazz". Nyuma, nyimbo zote, na mbele ya kila wimbo, Zaka. Chini kabisa: "pamoja na wenzake".

Anselme alilishika kwa mikono miwili, akalisoma mbele, akaligeuza, akalisoma nyuma. Nilingoja apasuke. Akasema tu, "Eh. Neno moja."

Akaniomba niipige. Akasikiliza pande zote amesimama. Mwisho akanipa mkono, akasema sauti imetoka safi, mimi nimefanya kazi. Nilitamani anitukane. Nilikuwa na hasira mimi, yeye alikuwa na aibu, maana ni mdomo wake mwenyewe uliojibu, na aibu ilimwua kuliko hasira. Aliacha gitaa mwezi huo huo. Akapanda mtumbwi, akaenda upande wa Opala kulima. Miaka ikapita, akarudi na mke, Mama Bea, mwanamke mpole mwenye maneno machache, wakakaa Kabondo, naye akafungua mahali pa kutengeneza baiskeli za toleka, hawa wanaobeba watu mjini. Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza alinishika mkono nje, kabla sijaingia.

"Ku nyumba yangu musiki hapana. Na mama hajui kitu. Usimuambie."

"Anselme, lakini jina yako..."

"Usimuambie, nimesema."

Nikanyamaza kwa heshima yake. Alikaa pale anaziba matairi, na vijana wa toleka wanapita na redio ndogo kwenye usukani, inapiga yeye. Mimi nimeona hivyo kwa macho haya. Hakuinua kichwa.

Zaka? Zaka alialikwa Ulaya kupiga "muziki wake" na wazungu, akaenda, akabaki. Msiniombe nimhurumie. Mara moja alinipigia simu, maana alisikia namsema.

"Papa, juu ya nini uko unanitukana? Mimi sikuandika kitu. Baliniletea ile jalada imeisha kufanywa."

"Na mudomo unayo? Ungeambia bale batu."

"Ningewaambia nini? Ati musiki si yangu? Bangemwita Anselme, unawaza? Bangetuacha bote wawili, tungekaa hapo na njaa."

Mpaka leo natafuta jibu la kumpa, na silipati, na hilo linanichoma zaidi. Nilikata simu.

Nilijaribu. Nilikwenda kumwambia mtangazaji wa redio, akanisikiliza vizuri, akaniletea soda, halafu jioni akasema hewani, "Wimbo huu ni wa mkubwa wetu Zaka." Nawaambia ninyi vijana, mnanionyesha simu: "Papa, lakini hapa imeandikwa Zaka." Imeandikwa! Mimi nilikuwepo, nimeshika waya, na simu iliyotengenezwa jana inanifundisha. Basi chukueni hili kama ufundi, si kama hadithi. Mkirekodi watu, kabla ya wimbo wowote, kila mmoja asogee kwenye mikro aseme jina lake kwa mdomo wake mwenyewe, na aseme wimbo ni wa nani. Muiache sauti hiyo humo humo ndani ya muziki. Jalada litadanganya, karatasi itapotea, mtangazaji atakunywa soda yake. Sauti ya mtu ikisema jina lake haigeuzwi kirahisi. Mimi wakati ule sikujua kwamba jambo kama hilo linahitajika, na hakuna aliyejua.

Anselme alikufa mwaka huu, mvua zilipoanza. Kifua. Mazishi yalikuwa mchana, na kabla ya maiti kufika tulikaa chini ya turubai pale Kabondo, watu wa toleka wengi, baiskeli zimeegemezwa ukutani mpaka barabarani. Familia ilikuwa imekodi sono. Vijana wawili, bafle mbili, siwajui. Kwaya ilikuwa haijafika, mtu mmoja akawaomba waweke muziki wa polepole watu wasikae kimya. Kijana akatafuta kwenye simu yake, akaweka "Zaka Jazz".

Nilimsikia Anselme kabla sijaelewa. Vidole vyake vikaingia pale chini ya turubai. Nilianza kulia, na watu wakanipa nafasi, wakijua tulikuwa marafiki.

Mama Bea alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, kitambaa kichwani. Akainua uso. Akasikiliza kitambo. Kisha akamwita kijana wa sono.

"Mwanangu, ni nani iko anapiga ile gitaa?"

"Ni Zaka, mama. Mutu ya kwetu hapa, iko Ulaya."

"Anapiga muzuri," akasema Mama Bea. "Bwana yangu musiki hakupenda. Lakini hii angeipenda."

Hapo sikuweza kuvumilia. Anselme alinikataza akiwa hai. Sasa amekufa, nani ananikataza? Nikainuka, nikaenda kupiga magoti kando ya mkeka.

"Mama Bea, ile gitaa ni Anselme. Ni yeye mwenyewe, na nyimbo zote ni zake. Mimi ndiye niliyeweka mikro. Zaka alikuwa anapiga ngoma tu."

Aliniangalia vizuri, bila hasira. Akanishika mkono, akaupapasa kama unavyompapasa mgonjwa.

"Papa, aksanti. Minajua ulimupenda. Lakini ku matanga batu banasemaka mingi. Leo asubuhi mumoja ananiambia ati Anselme alikuwa footballeur. Mwingine ati alimupeleka shule na feza yake. Minakaa naye miaka yote, sikumuona hata kushika gitaa ya mutu. Mumuache tu bwana yangu, papa. Alikuwa anatengeneza vélo. Inanitosha."

Wanawake wakaitika kwamba ni kweli, inatosha. Mmoja akanisaidia kusimama, akanirudisha kwenye kiti changu. Wimbo ukaendelea mpaka mwisho, na mwishoni kijana wa sono akashika mikro, sauti nzuri, hakuna larsen hata kidogo, akasema familia inamshukuru sana mkubwa Zaka kwa kutusindikiza katika huzuni hii.

"Aksanti, Zaka," akasema Mama Bea.